Pacha wa Siku Tano

Mimi huuza miche ya migomba Maseno,
hatua thelathini toka alama ya ikweta,
pale wageni husimama wakapigwa picha
mguu huku, mguu kule.
Miche yangu hutoka maabara, ndani ya chupa,
mia mbili kwa chipukizi moja la mgomba mmoja,
na mnunuzi akiuliza, "Utazaa kama mama yake?"
namjibu, "Bwana, huyu ndiye mama yake mwenyewe."
Tunacheka. Analipa. Sijawahi kukosa usingizi
kwa ajili ya mgomba.

Awino alizaliwa kitovu kimemzonga shingo;
jina likajileta.
Damu yake hupinda. Chembe zilizostahili kuwa duara
hujikunja kama mundu, zikavuna
goti, kiwiko, uti wa mgongo,
masika na kiangazi, usiku wa manane.
Nachemsha maji, nafunga taulo la moto,
nahesabu vidonge. Kwa miaka tisa
nimejifunza kutofautisha kilio cha mfupa
na kilio cha kuuogopa mfupa.

Kule Kisumu, Daktari Nafuna aligeuza kadi ya kliniki
akachora nyuma yake kwa kalamu ya bluu.
Duara: yai. Akakifuta kiini chake.
Nukta: kiini cha chembe ya ngozi ya Awino.
Akakitia mle ndani.
"Linagawanyika," akasema, "siku tano hivi,
kisha twalifungua, twachukua seli shina,
twazirekebisha ile hitilafu, twaotesha uboho
ambao mwili wake hautaukataa, kwa kuwa ni wake."
Akaiweka kalamu chini. "Si leo.
Si hospitali hii. Bado ni ahadi, mama, si dawa."
Nilimpenda kwa kuliongeza hilo.

Lakini lile neno, *twalifungua*,
lilinifuata hadi nyumbani,
likakaa nasi mezani tulipokula omena.
Na yai lenyewe, nilisahau kuuliza, ni la nani?
Msichana gani atachomwa sindano wiki mbili
kwa karo ya muhula mmoja,
na akiugua, nyuma ya kadi yake atachorewa nini?

Wifi yangu Dorsila hana shaka:
"Mtu ni mtu, hata akitosha kwenye ncha ya sindano."
Namheshimu. Amezika watatu
wasiofikia kupewa majina,
na kila shimo alilichimba mwenyewe.
Okumbe, mume wangu, hana shaka vilevile:
"Mtoto wetu analia. Hilo tone halilii."
Namheshimu pia. Nami nimesimama kati yao,
mguu huku, mguu kule, kama mtalii.

Awino alikuwa akitusikiliza, macho kayafumba.
"Huyo wa kwenye yai ni mimi?"
"Ni kama pacha wako."
"Atalala wapi?"
"Hatazaliwa."
Akanyamaza. Akavuta blanketi.
"Basi jina lake ni Apiyo," akasema. "Ana haraka."

Kwetu Apiyo hutangulia, Adongo husalia nyuma.
Huyu angekuja amechelewa miaka tisa
na bado angeondoka wa kwanza.
Nawe, mwanangu, ungekuwa Adongo,
aliyesalia.
Mungu anisamehe, nililipenda jina hilo
kuliko lile nililokupa.

Kadi ninayo bado, ndani ya Biblia,
si kwenye ukurasa wowote maalumu:
tarehe ya kliniki ijayo upande mmoja,
duara upande wa pili.
Leo asubuhi nimetupa miche saba iliyooza shina.
Zamani nilikuwa naitupa
bila kuitazama.