Koti la Bwana Dochkov

Aliliacha hapa majira yale ya baridi,
siku watu wa Sofia walipomsindikiza kwa mayai
kutoka ngazi za bunge hadi mlango wa gari.
Koti la sufu, kijivu, bitana ya hariri.
Dereva alilitupa juu ya meza yangu
akasema: Ijumaa.

Zimepita Ijumaa kama mia nne.

Yai halina ugumu. Maji baridi, chumvi kidogo.
Ya moto usithubutu, litaganda
liwe sehemu ya kitambaa.
Kilichonishinda ni wino, mfuko wa ndani,
upande wa moyo: kalamu ilivuja,
pengine ile ile iliyotia saini
kufungwa kwa hospitali ya kwetu milimani,
na dada yangu Tsonka akajifungulia
ndani ya lori la viazi, theluji ikianguka.
Nilisugua wiki nzima. Kisha nikaacha.

Leo redio imesema amerudi.
Si waziri mkuu tena, waziri wa mambo ya nje,
maana huko nje, asema mume wangu Gancho,
bado hawajamjua.
Magazeti yaliyomwita mwizi
sasa yanamwita mzoefu.
Kwenye tramu mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu akasema,
"Angalau huyu wizi wake tunaujua."
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
kisha nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Saa tisa akaingia kijana, tai nyembamba,
viatu vya kuazima theluji haivijui,
mkononi stakabadhi yangu mwenyewe,
imekunjwa mara nne, haijachanika.

Miaka saba na ushei
mtu ametunza kijikaratasi cha dobi!
Sisi tulipokuwa tukifagia maganda ya mayai
tukidhani tumemzika,
yeye alikuwa safarini tu.

Nikaliteremsha koti kutoka msumari wa mwisho.
Kijana akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha,
akapapasa kola, mikono, vifungo.
"Doa limetoka, mama?"
"Nje," nikamjibu, "hakuna kitu."

Akalipa bila kubishana, pamoja na gharama ya kuhifadhi.
Mlangoni akageuka, kama aliyesahau jambo,
akaomba risiti.
Iandikwe, akasema, kwa jina la wizara.