Sekunde Nne

Ukumbini mwa kanisa, juu ya shuka lililopigwa pasi,
ufuo wetu wa Norfolk unarudi, mweusi na mweupe:
seng'enge, mabango ya HATARI MABOMU,
na mbwa asiyejua kusoma.

"Wilf huyo!" anasema Mavis Thirtle, miaka tisini na moja,
kidole kikitetemeka ndani ya mwanga,
kivuli chake kikimgusa kaka yake begani.

Kijana anacheka, anatoa ulimi, anatoka kwenye picha.
Sekunde nne.
Jumanne iliyofuata mchanga ulimlipukia
akimkimbilia yule mbwa.

Chai inapoa. Fundi anauliza: tuendelee?

"Rudisha nyuma."

Na Wilf anaingia kinyumenyume,
anaurudisha ulimi, anaacha kucheka,
anatukodolea macho,
utadhani sisi ndio tuliopotea.