Sogea

Nilikuwa mpanga herufi, Tanga, mwaka wa pili wa vita,
chumba cha chapa dirisha moja, linatazama reli.
Herufi zetu zilikuwa za risasi.
Ndugu yangu Mhina naye walimpa risasi za kubeba,
sanduku zima utosini, njia ya Kahe,
hivyo nyumba yetu tulikula kwa risasi, sote.

Simu ikifika, Bwana huiandika upya kwa wino mwekundu.
Palipokuwa na *wamerudi nyuma* alikata.
"Askari harudi," akasema. "Askari husogea."
Nami nikaokota kisandukuni s, o, g, e, a,
nikazipanga kinyumenyume, ndivyo chapa itakavyo,
zikasimama mkononi zimenipa kisogo.

*Askari wetu wamesogea Same.*
Baadaye: *wamesogea Mkomazi.*
Kisha: *wamesogea Mombo, kwa utaratibu, na afya zao njema.*

Ni neno pole, sogea.
Mwambie mgeni mkekani, atakupa nafasi.
Mwambie mtoto jikoni, ataukwepa moto.
Muuguzi humwambia mgonjwa, sogea kidogo, nitandike.
Halina mbele wala nyuma mpaka ulitie,
na Bwana hakulitia.

Mwakombo, karani wa tiketi, alinunua gazeti kila Jumamosi,
hakusoma vita, alisoma nauli.
"Same mpaka hapa ni ghali. Mkomazi, nafuu.
Mombo, nafuu zaidi.
Wakisogea mara mbili tena," akasema akilikunja,
"watafika bure."

Kufikia mwezi wa sita g zote zilikuwa zimelika.
Neno likatoka na pengo katikati, *wameso ea*,
watu wa Ngamiani wakasoma *wamezoea*,
wakaja dirishani kuuliza:
wamezoea nini?

Wapagazi hawakupewa kitenzi.
Niliwatafuta toleo baada ya toleo, mstari kwa mstari,
nikawakuta wamejificha ndani ya neno mizigo.
*Mizigo imesogezwa salama.*
Imesogezwa! Na nani?
Hapo kwenye z, nikiibana kwa kidole gumba,
niliweza kuiona shingo ya Mhina.

Mama hakujua kusoma. Nikifika tu, swali lake lilelile:
gazeti limesema anarudi?
Neno hilo hatulichapi, mama.
"Hamlichapi, au hamnalo?"
Nikaenda uani kunawa wino.

Usiku mmoja Sengasu akagonga dirisha la chapa,
miguu kaifunga vipande vya gunia la mkonge.
Alitoroka Handeni. Hakutaka maji kwanza, alitaka kusema.
Kwamba Mhina alikaa.
Njiani, katikati ya watu, alikaa chini na sanduku kichwani.
Msimamizi akamwambia sogea.
"Na sisi tukamwambia, Mhina, sogea, sogea ndugu yetu,
ila alikuwa amekaa tu, unajua, kama mtu aliyekaa."
Akanywa maji, sasa, kata mbili.
Asubuhi nilipanga ukurasa wa kwanza. *Salama*, niliipanga.
Mkono ulijua njia wenyewe.

Mwezi uliofuata mizinga ilisikika upande wa Muheza.
Bwana alifunga mkoba, akafungua, akatia mswaki, akafunga.
"Tunasogea," akaniambia, na hakunitazama.
Masanduku ya herufi yalipakiwa garimoshi,
yakayeyushwe, nilisikia, yawe risasi za aina ile nyingine.

Nilibaki na nne mfukoni.
Nikamwekea Mama kiganjani: r, u, d, i.
"Nzito," akasema. "Risasi hizi?"
Risasi, mama.
Nilikuwa sijamwambia bado habari ya Sengasu.
Akazipanga juu ya mdomo wa kinu, moja moja,
akazifuta unga kwa pindo la kanga,
akauliza zinasomwa kuanzia upande gani.