Bamvua

Sikuanza kwa elimu. Nilianza kwa aibu.

Bamvua la mwezi mpevu lilipanda usiku,
likapita mikoko, likalamba msingi wa choo,
na lilipoteremka lilituachia uani
pampasi tatu, zimefura kama boflo lililorowa chai,
ndani ya furushi nililolitupa mwenyewe
Ijumaa, gizani, nikidhani maji yakienda yameenda.

Nililifunga kwa ukingo wa kanga iliyochakaa,
na ukingo ule, kwa bahati yangu mbaya,
ndio uliokuwa na jina. Herufi zilizobaki:
MWENYEWE NAJUA.

Mama mkwe, Bi Raya, alisoma polepole
kama asomaye barua ya mahakama,
akaniangalia, akaiangalia kamba ya nguo
ilikoanikwa kanga ya pili, pacha wake.
"Bahari haina haya, Mize," alisema.
"Ukiipa cha siri, inakurudishia mchana."
Basi. Akaenda kuwapa kuku chicha.

Ile pacha niliichana vipande kumi na sita.
Mlio wa kuchanika ukamwamsha Hidaya,
naye akacheka, hajui kuwa ndizo nepi zake.

Shaame, baba yake, alikunja pua wiki nzima:
"Sasa nyumba yetu meli, bendera kila upande?"
Siku ya nane nilimkuta na ndoo mbele yake,
anafikicha, anapuliza povu,
amefunga mlango wa ua watu wasimwone.
Maji ya mwisho tukayamwagia mgomba.
Mgomba haukuuliza yametoka wapi.

Jicho likishafumbuka, kulifumba tena ni kazi.
Sokoni Wete, Mkubwa muuza dagaa
akainama kutoa kifuko chini ya meza,
vile vyembamba vilivyokatazwa na vinavyopatikana.
Nikamwekea kikapu cha ukili mbele ya mizani.
"Kitanuka."
"Kitaoshwa."
Nyuma yangu watu wakaguna,
na mimi natandika jani la mgomba ndani yake
taratibu, kama ninayetandika kitanda cha harusi.

Kumbe miaka yote Bi Raya, bila kuhubiri,
anawasha jiko kwa vifuu,
maji ya kuoshea mchele anayabeba kwa kata
hadi kwenye mchicha, hamwagi hata tone,
taa anazima akitoka, hata akienda
kuchungulia tu nani anagombana na nani.
Nilikuwa nikiuita ubahili.
Nilimcheka kwa shoga zangu.

Nisijisifu. Masika yaliposhika siku tisa,
kamba ikabeba nepi mbichi, mbichi, mbichi.
Nikazikausha juu ya jiko, zikanuka moshi,
mtoto akatoka vipele,
nikaenda dukani, nikanunua pampasi nne.
Nilizihesabu kama mtu ahesabuye deni.
Na hizo hazikwenda mikokoni.
Nilizipeleka hadi pipa la baraza la mji,
mwendo wa robo saa, kwa mvua, furushi kwapani,
nikimwamkia kila niliyepishana naye
kama ninayepeleka hidaya.

Jana bamvua limerudi.
Nikatoka alfajiri na kikapu, kabla ya kuku.
Makumbi. Ndala moja, ya mguu wa kushoto.
Chupa isiyo yangu; nikaiokota hivyo hivyo.
Na kando ya mche mchanga wa mkoko,
furushi, limefungwa kwa ukingo wa kanga
ya zambarau, ninayoijua,
ya jirani yangu Biubwa, mwenye mapacha wa miezi minne.
Jina lilikuwa limefutika. Sikulihitaji.

Asubuhi hii nimechana kanga nyingine.
Vipande nimevikunja, nimevilaza ndani ya sinia,
nikavifunika kitambaa, juu yake mandazi ya moto.
Nitapiga hodi.
Nitasema nimeleta mandazi.