Ghala la Mazyuna

Zayana ameandika: unga, magunia mia tatu;
insulini, katoni nne, zikae kivulini.
Lori limezimwa. Mpaka umefungwa tangu alfajiri,
na ng'ambo, upande wa Yemeni, mshindo mmoja, kisha kimya.

Simu ikatetemeka mezani. Ni Bi Ghusun, wa kamati ya kisima:
"Unga wa juzi tumegawa,
hata wajane wa upande ule wamepata.
Sasa tuletee daftari lenye mistari,
na muhuri. Mdogo tu. Wenye jina letu.
Tumechaguana jana, wanawake saba.
Tukikubali, ijulikane ni sisi.
Tukikataa, vilevile."

Zayana akacheka peke yake,
akafuta jasho kwa ncha ya shela,
na chini ya insulini akaongeza:
muhuri, mmoja.
Wino, chupa mbili,
vita ni virefu.