Ratili Hamsini na Sita

Kwenye daftari langu, ukurasa wa Februari,
nilimwandika Kalamu,
maana jina lake alilitamka akalimeza nusu
na mimi nilikuwa na raketi kumi na moja
za kumaliza kabla ya adhuhuri.
Kijana wa Australia, mji wa mizabibu, Mildura,
miaka kumi na tisa, pua imebabuka,
wa mia sita na arobaini duniani.
Akaomba ratili hamsini na sita.
Akalipa kwa sarafu za nchi tatu.
Baisa mia nane zilizopungua, akakopa.

Babu yangu, kule Wete, aliwamba vitanda
kwa kamba za usumba.
Alibonyeza kwa kisigino akajua
atakayelala ni mzito au ni mgonjwa.
Mimi nawamba raketi, Bausher, nyuma ya uwanja wa nne.
Mashine yangu inalia kama mlango wa stoo
na sijamwambia mtu
kwamba kinachopima ni kidole gumba,
mashine ni shahidi tu.

Mwaka ule alitolewa kwenye mchujo.
Jumanne, saa tatu asubuhi,
watazamaji sita, mmoja wao paka.
Mwaka uliofuata: wa mia tatu na mbili. Hamsini na sita.
Wa tatu: mia moja na tisini. Hamsini na sita,
akalichukua kombe letu, dogo kama buli,
na deni la baisa akalilipa kwa zabibu kavu,
kilo nzima, za shamba la mama yake.
Tulizila hadi Ramadhani.

Kisha hakuja.
Watu wa nafasi ya sabini hawaji Bausher.
Walikuwa naye Doha, walikuwa naye Dubai, chini ya mataa,
nami nilimwona kwenye runinga ya mkahawa, Ruwi,
kati ya mpika chapati na mtu anayegombana na simu yake.
Sauti ilikuwa imezimwa. Nikaomba waiwashe.
Nilitaka nyuzi tu:
ta, ta, ta,
halafu, seti ya pili, toh.
Aliyeziwamba zile alikuwa na haraka.
Nikamwambia mpishi. Mpishi akanipa chapati.

Hamsini na nane, ndipo alipofika.
Halafu bega.
Halafu upasuaji, halafu bega tena,
halafu magazeti yakapata kijana mwingine.

Februari hii kaingia, ana thelathini,
mkoba uleule, zipu imeshonewa uzi mweusi.
Wa mia nne na kumi na nane.
"Thuwaiba," akasema,
na safari hii hakukosea hata herufi,
"hamsini na sita."
Raketi alininyooshea kwa mkono wa kushoto.
Yeye hutumia wa kulia.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Nilijua kuwa navutia kwangu.
Niliwamba hamsini na moja,
nikaandika hamsini na sita,
mimi ambaye hata deni la baisa
sikuliandika kwa kukisia.

Alishinda, seti tatu, saa mbili na robo.
Akaja na jasho lake mpaka mlangoni:
hamsini na sita yako, anasema, haipo pengine duniani.
Nikasema alhamdulillahi.
Hilo angalau lilikuwa kweli.

Baada ya isha akarudi.
Nje mtu anafagia mchanga mstarini,
upepo unaurudisha.
Hakuketi. Alizibonyeza nyuzi kwa kidole gumba,
taratibu, katikati, kisha pembeni.
"Ngapi?"
Nikamwambia.

Nilingoja aondoke.
Akalivuta daftari kwake,
akaikata hamsini na sita kwa mstari mmoja,
akaandika hamsini na moja
kwa tarakimu za mtu asiyezoea kuandika.
Kesho saa nne ana mtoto wa Kiserbia,
miaka kumi na minane, anayepiga mpira kama anaudai.
Akaliangalia lile andiko, akalikunja uso.
Akaongeza: na nusu.