Zima Kiyoyozi

Upande wa kwanza tuliruhusiwa ubaridi.
Tarumbeta lina kifua cha kujitetea,
halijali mashine iungurumayo dirishani.
Lakini santuri ikishageuzwa, Baba alinyanyuka,
akachomoa waya ukutani,
na Agosti yote ya Wadi Kabir ikaingia
bila hodi, ikaketi nasi mkekani.

“Mundhir, utatupika,” Mama alisema.
“Dakika nne tu, Bi Zuwena.
Besi haigombani na mtu.”

Kweli haikugombana. Fidla ile, nene kama kabati,
ilisema chini kwa chini
mithili ya mtu apapasaye funguo gizani
na hataki kuamsha nyumba.
Mimi sikusikia kitu. Nilisikia joto.
Nilihesabu jasho likinishuka mgongoni, tone kwa tone,
nikasikia sindano ikikaanga vumbi,
nikamtazama Mama akijipepea kwa jalada lenyewe:
mpigaji, uso nusu buluu nusu kivuli,
akienda akirudi mbele ya kidevu chake.

Riyali moja na nusu, Baba aliinunua
kwa mhandisi aliyekuwa akifunga virago.
Jazi hakuijua. Alipenda, alisema,
watu wanaopokezana maneno bila kukatizana.

Leo niko Khoudh. Santuri imepinda,
tarumbeta linapanda na kushuka
kama gari kwenye njia ya wadi.
Fundi Biju kanifungia mkanda wa cherehani;
kila kitu kinakwenda mbio kidogo,
kana kwamba wanawahi ndege.

Nageuza upande. Nabonyeza rimoti.
Mashine inakohoa, inanyamaza.
“Kwa nini unazima?” Qais anauliza,
katoa kisikilizio cha sikio moja tu.
Sina jibu la kumtosha mtoto wa miaka kumi na minne.

Jokofu. Mbwa wa mbali.
Kisha besi.
Halafu, kabla haijapanda, pale pale,
mtu anavuta pumzi.

Si muziki. Ni pua tu
ya mtu aliyekwisha kufa
akijiandaa.
Miaka arubaini imo humo,
nami nilikuwa nikihesabu jasho.

Qais anatoa cha pili. “Nani huyo?”
Matone yanamchomoza juu ya mdomo,
pale ambapo masharubu bado hayajaamua.
“Nyamaza,” namwambia, na sauti si yangu,
“zimebaki dakika mbili.”